Nilivyomsaka Mwizi wa Mazutu Mbele ya Wakwe

Naona haya kusimulia hili, na nitalisimulia kwa hasira, kwa sababu hata leo nikiwakumbuka wale watu waliocheka pale Kirolirwe moyo unanichemka, ingawa (nisiwafiche) kitambaa nilikifunga mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, na hakuna aliyenituma.

Mimi nakaa Sake, nina pikapu ya dizeli ambayo kila asubuhi inapanda Kirolirwe kuchukua maziwa kwa wafugaji na kuyashusha Goma. Dereva alikuwa Bahati, mdogo wake mke wangu, kijana mpole asiyepandisha sauti. Sasa wakati wa jua kali barabara ile inakuwa unga mtupu, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, nikaanza kulionea gari langu huruma. Nikafikiri kama mtu wa maziwa: maziwa tunayachuja kwa kitambaa yanatoka safi, hewa nayo ina nini cha kuyashinda maziwa? Nikachukua kitambaa cheupe jikoni (sikumuuliza mtu, nyumbani kwangu nimuulize nani), nikafungua sanduku la filta ya hewa, nikaizungushia filta kile kitambaa, mkunjo juu ya mkunjo, nikakaza, nikafunga. Nilijisifu wiki nzima.

Haukupita muda gari likaanza kunywa mazutu, hiyo dizeli yetu, kama maji. Tangi ambalo zamani lilitufikisha Goma na kuturudisha na akiba juu, sasa linaomba kujazwa njiani, na kwenye kilima gari linakohoa moshi mweusi. Nikapima upepo wa magurudumu, nikabadilisha filta ya mazutu, nikalala chini ya gari kutafuta panapovuja. Fundi mmoja wa Sake akaniuliza kama nimeangalia filta ya hewa, nikamjibu kwa ukali kwamba hicho ndicho kitu pekee ndani ya gari hili kisicho na shida, nimekilinda mwenyewe. Akarudi kwenye kazi yake. Basi nikajumlisha: gari ni zima, tangi halivuji, kwa hiyo kuna mtu anayenyonya mazutu yangu kwa mpira. Na ufunguo unalala kwa nani? Kwa Bahati.

Mke wangu alinikatalia. Akasema mdogo wake hajawahi kuchukua hata ndizi ya jirani, nami nikamwambia angoje, nitamletea ushahidi.

Na siku ya kutafuta huo ushahidi nikachagua ipi? Siku ya kwenda kumwombea Bahati mchumba. Msichana ni wa Kirolirwe, binti wa mfugaji tuliyekuwa tunanunua maziwa yake, na mimi, shemeji mkubwa, ndiye niliyepewa kazi ya kusema kwa niaba ya familia. Asubuhi hiyo nikajaza tangi mpaka likamwagika, nikafunga mfuniko kwa kufuli, ufunguo mfukoni, nikashika usukani mwenyewe, mke wangu pembeni. Bwana harusi mtarajiwa, na suti yake, nikampandisha nyuma kwenye vumbi pamoja na wajomba na makasha ya bia, ili nimtazame kwenye kioo.

Mshale wa mazutu ukashuka vilevile. Mtu mwenye akili angejiuliza mwizi anaibaje akiwa amekaa juu ya kasha la bia mbele ya wajomba zake. Mimi nikasema moyoni, kumbe huyu ni fundi kuliko nilivyodhani.

Kwenye kilima cha mwisho, chini kidogo ya boma la wakwe, gari likatoa moshi mzito, likawapaka wajomba masizi kwenye mashati yao meupe, likazima. Wakwe wakatuona, wakashuka wote kusaidia kusukuma, mzee mwenyewe mbele na fimbo yake. Akaniuliza kwa upole gari lina nini. Badala ya kumsalimu mzee wa watu, nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

“Papa, musiniulize miye. Mumuulize Bahati ni fasi gani anapelekaka mazutu yangu.”

Bahati akatazama chini. Mke wangu akaniita jina langu polepole, nami sikusikia, nilikuwa tayari nimefungua boneti kuwaonyesha ule mpira wa wizi, maana niliamini ameuficha humo. Nikafungua hiki, nikafungua kile, nikifika kila mahali natangaza. Nikafungua sanduku la filta. Kikatoka kitambaa, cheusi, kigumu kama ngozi iliyoanikwa.

“Hii si kitambaa yangu ya maziwa?” mke wangu akauliza. “Njo ile nilitafuta mupaka nikachoka.”

Walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye majani. Mtu analinda mali yake, wanacheka! Na gari nalo, bila aibu, nilipotoa kile kitambaa kilicholiziba pumzi na kulifanya linywe mazutu ovyo, likawaka palepale, moshi hakuna, likapanda kilima likiimba. Lingengoja hata kidogo basi, kwa heshima yangu.

Ila mzee hakucheka. Bomani, niliposimama kuanza maneno yangu ya posa, akainua mkono.

“Mutu mwenye ameita kijana mwizi mbele yangu, atamuombea muke namna gani? Kwanza ile neno, uirudishe.”

Nilikasirika, nakubali. Mimi, na umri wangu, mbele ya wanawake na watoto. Lakini nikamwona Bahati kwenye suti yake iliyojaa masizi, na msichana amesimama mlangoni akimtazama, nikaelewa kwamba nikikaza shingo, huyu kijana anarudi nyumbani bila mke, tena na jina la wizi juu yake. Nikasema: Bahati si mwizi, mjinga ni mimi. Nilisema kwa sauti ndogo, mzee akataka nirudie, nikarudia.

“Nimesikia, shemeki,” Bahati akajibu. “Sina kinyongo. Lakini gari yako, tangu leo ujiendeshee.”

Mjomba akachukua nafasi yangu, akasema vizuri kuliko ambavyo ningesema, na mke akapatikana. Mimi nilikaa mwisho wa benchi, karibu na ndama.

Sasa naendesha mwenyewe. Bahati anabeba maziwa ya baba mkwe wake kwa pikipiki, tukikutana njiani anapunguza mwendo na kuniamkia kwa heshima yote, na heshima hiyo inaniuma kuliko vile vicheko. Nimeapa: gari likinisumbua tena, nitafungua kwanza kila nilichokigusa mimi, ndipo nitazame uso wa mtu.