Matonya Hatoki Kisimani

Jua linachomoza kwenye korongo la mchanga kusini mwa Dodoma, na sauti inapanda kutoka kisimani kabla ya maji. "Mwili wangu huu haujui maumivu tangu nitoke jandoni," anasema Mzee Matonya.

Juu, mkewe Loisi anajifuta samli mikononi. Ametoka kulikanda goti la mwili huo usiojua maumivu, na makelele ya mwenye goti yamewaamsha mpaka mbuzi.

Kiangazi hapa watu husimama kwenye vidato vya kisima, mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana vibuyu hadi birika la ng'ombe. Wa chini kabisa ndiye mchotaji. Akizubaa, wote wamekwama. Matonya anaishika nafasi hiyo tangu kabla Wadachi hawajaja kutoka Ujerumani. Sasa treni yao inapiga honi Dodoma, naye bado yuko chini.

Kaka yake, Nikodemo, ana goti kama hilo. Mganga wa misheni aliwabonyeza wote wawili, akasema ugonjwa ni mmoja. Nikodemo akarudi nyumbani, akaanza kuaga ndugu. Hiki ni kiangazi cha tatu anaaga, na ugali haumshindi.

"Mdogo wangu ni mgonjwa, ila hana habari," anasema, fimbo mkononi.

"Na wewe kaka habari unazo, ila ugonjwa ndio huna," anajibiwa kutoka shimoni.

Marko, mtoto wa Matonya, hacheki. "Baba, ukianguka humo ng'ombe watakufa kiu. Kodi ya Wadachi tutalipa nini? Nashuka mimi."

Asubuhi hii goti linakwama kweli. Vibuyu vinasimama, ng'ombe wanalia. Marko anaanza kushuka.

"Baki hapo hapo," baba anasema. "Niteremshie jembe."

Anachimba kiti kwenye ukuta wa udongo, anakaa, anachota. Vibuyu vinapanda tena, mpaka ndama wa mwisho anainua kichwa birikani.

Kesho Matonya atachimba kiti cha pili, cha kaka yake. "Akitaka kuniaga, aniage huku anachota. Mvua itukute wote humu."

Kwa kijana, kazi yenyewe si ngumu: mwandishi wa habari hii alishuka, akachota, akapanda.

Loisi anasomewa maneno hayo, anatikisa kichwa taratibu.

"Sawa, mwanangu. Sasa andika na ile kamba tuliyokuvutia juu."