Viatu vya Bwana Enspekta

Walimu wote wa shule ya Kadutu walilikimbia darasa la mwalimu Télesphore. Wakubwa wa shule walimupa depo, gala ya zamani ya kahawa, chini mbao tupu, na watoto kumi na wawili: wenye kigugumizi, wenye kusahau, na Emérence, mutoto wa miaka munane asiyesikia hata radi.

Kumuita Emérence? Kazi bure! Siku moja Télesphore akaangusha kiti kwa hasira, mutoto akageuka. Kumbe miguu yake mitupu inasikia mbao! Tangu pale mwalimu akaacha kupiga makelele. Kishindo kimoja cha kiatu: simameni. Viwili: ikaeni. Vitatu: kamateni ardoise, kibao cha kuandikia, muandike jina lenu. Darasa zima wakazoea, isipokuwa Placide, mwenye masikio mazima yasiyo na kazi.

Mwaka wa 1956 ikafika barua: enspekta wa masomo anakuja, viziwi watolewe masomoni. Maman Apolline, mama yake Emérence, akaja analia.

"Mwalimu, ameanza kuandika jina lake. Leo nirudi kumufungia ku nyumba?"

Télesphore akaendelea kufundisha mpaka siku ya enspekta.

Enspekta alikuwa Muzungu Mubeleji munene, viatu vizito. Akaingia hatua moja: puu! Darasa likasimama. Akatabasamu, heshima gani hii! Akaongeza mbili: puu, puu! Darasa likaikaa.

"Munanichezea?"

"Hapana, Bwana," Télesphore akasema, jasho linamutoka. "Ni namuna yetu ya kufundisha."

"Kiziwi ni nani? Nyamaza! Nitamutafuta mwenyewe."

Akazunguka nyuma ya watoto polepole, anavizia kabisa, kisha akapiga muguu chini. Watoto kumi na mumoja wakaruka, Emérence wa kwanza. Mumoja akabaki ameikaa, macho dirishani.

"Huyu!"

"Mimi?" Placide akashituka. "Mimi nasikia, Bwana! Nilikuwa naangalia mbuzi."

Lo! Enspekta akawa mwekundu mpaka shingoni. Télesphore, mutu wa kweli siku zote, alifungua kinywa. Akamuona Maman Apolline mulangoni, rozari mukononi. Akakifunga.

"Hakuna kiziwi," enspekta akaandika kwa hasira, akatoka kwa hatua tatu: puu, puu, puu.

Watoto wakakamata ardoise. Emérence akainama, akaandika, akainua yake juu. Maman Apolline hakujua kusoma hata herufi moja, lakini jina lile alilijua.