Nilipoosha Vidonda vya Wapagazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika. Tabibu, Mhindi mfupi aliyetibu watu katika nyumba ya wagonjwa ya Bagamoyo, alinipa beseni la maji ya chumvi akanionyesha mguu wa mtu aliyelala mkekani. Nilipofunua kitambaa, harufu ilinitoa nje mbio. Niliporudi nikijifuta mdomo hakunigombeza. "Vizuri, pua yako inafanya kazi," alisema. "Kidonda hunuswa kwanza, ndipo hutazamwa. Haya, nusa tena."

Nilikuwa kijana wa Mlingotini niliyeacha chuo kabla ya kuhitimu Kurani. Nilikwisha chemsha chumvi, nikaswaga punda hadi Saadani, na kila kazi ilinichosha baada ya msimu mmoja. Hii niliikubali kwa sababu nilitaka kujua ndani ya mguu wa mtu mna nini. Wadachi walikuwa hawajajenga boma lao, na mji uliishi kwa misafara ya pembe za ndovu. Nilikaa mpaka nywele zikawa nyeupe.

Ninyi mlioanza kazi juzi mtauliza tulitibu kwa dawa gani. Adui yetu mkubwa alikuwa donda ndugu, kidonda cha muundi wa mguu kinachoanza na mkwaruzo wa mwiba, kisha kinakula nyama hadi mfupani. Tuliosha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu na kukwangua nyama iliyokufa kwa kisu kilichopitishwa motoni. Penye ukaidi tuligusisha mrututu, lile jiwe la buluu linalochoma, na hapo mwanamume mwenye ndevu humwita mama yake. Juu tulipaka asali, tukafunika kwa jani changa la mgomba lililolainishwa motoni, maana halishikamani na kidonda kama nguo. Mwisho tulifunga kwa vipande vya nguo ya marekani vilivyochemshwa. Kesho yake tulianza upya.

Dawa tulikuwa nazo. Shida ilikuwa mlangoni. Nyumba ile ilikuwa wakfu wa wafanyabiashara wa mji, na Msimamizi wake, mzee wa Kiarabu mwenye ndevu za hina, alishika sharti moja: mgonjwa aje na mtu wake, wa kumpikia, kumwogesha, na akifa, kumzika. Wenyeji walikuwa na mashangazi. Wapagazi walioshuka na pembe kutoka bara walijazana kwenye vibanda vya makuti nyuma ya mji, wakinywa maji ya kisima kimoja na punda, na hapa pwani hawakuwa na mtu. Tena walificha maradhi. Mnyapara wa msafara akikuona unachechemea, mzigo wako hupewa mwingine, nawe unabaki mbali na kwenu.

"Kama hawaji, nenda wewe," Tabibu aliniambia. Basi nikahamishiwa vibandani, na kila asubuhi nilikwenda huko na beseni langu.

Huko alikuwako Mwamvua, mjane wa Kizaramo aliyeuza uji. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Wanatukanana, wananyang'anyana vitu, wanazikana, na kukasirika ni aibu. Asubuhi moja, msafara ukiwa unafunga mizigo ili uondoke kesho yake, aliniita.

"Mwanangu, mtazame yule Mihambo. Amefunga mguu kwa kaniki. Leo nzi wote wamemfuata yeye, uji wangu wameusahau."

Mihambo alikuwa Mnyamwezi mwenye mabega mapana. Nilipomkaribia, pua ikaniambia kila kitu.

"Mwiba tu," alisema.

"Ukiondoka na mguu huo, hata milima ya Usagara hutaiona."

"Nina mtoto nyumbani sijamwona uso. Niache, bwana."

Nilimsihi, akageuka. Mwamvua aliweka upawa chini, akaingia kibandani, akatoka na mkeka na chungu cha Mihambo, akavikalia.

"Mama, vitu vyangu!"

"Vyako vipi? Hivi vya marehemu. Nimerithi."

"Sijafa mimi!"

"Utakufa. Na ukifia porini, nani atakula sadaka ya mazishi yako? Unataka kunidhulumu haki yangu, Mnyamwezi mwizi wewe? Nyoosha mguu!"

Wenzake walicheka hadi wakakaa chini. Mihambo alitazama mkeka wake chini ya Mwamvua. Angemkasirikiaje mtani mbele ya watu wa kwao? Akaketi, akanyoosha mguu. Nilipofungua kaniki, kicheko kilikatika. Mfupa ulionekana.

Tukambeba hadi kwenye nyumba ya wagonjwa. Msimamizi alisimama mlangoni.

"Shikamoo, bwana," nilimwamkia.

"Marahaba. Mtu wake yuko wapi?"

"Ni mimi," akasema Mwamvua.

"Una udugu gani naye?"

"Mtani wangu. Nangoja afe, naye ananichelewesha."

Msimamizi alishika ndevu zake. Nilijua akikataa, Mihambo atarudi vibandani na kesho atafuata msafara hata kwa kutambaa. "Mtani huzika," alisema mwishowe, polepole. "Basi na auguze. Mwingizeni."

Tangu siku hiyo wapagazi waliingia kwa mlango huo kwa mikono ya watani wao. Baragumu la msafara lilipolia, Mihambo aligeukia ukutani akalia. Mwamvua alimletea uji na matusi mapya kila asubuhi, mpaka nyama nyekundu ikachipuka na kidonda kikafunga. Akaondoka na msafara mwingine.

Sasa nimestaafu. Macho yangu hayatofautishi tena nyama nzima na iliyokufa, na kazi hii haisamehe hilo. Nawakumbuka Tabibu na Msimamizi, wote wametangulia. Nakumbuka moshi wa vibanda asubuhi, kikohozi, na kelele za watani kutoka kibanda hadi kibanda. Vijana huniuliza ningependa kurudia siku gani. Ni ile ya msimu uliofuata, Mihambo alipoteremka na pembe begani, nyuma yake mkewe na mtoto anayetembea. Akaenda moja kwa moja penye chungu cha uji.

"Bibi kizee, bado tu hujafa?"

Sote tulingoja jibu. Mwamvua alipiga magoti, akapitisha kidole juu ya kovu la muundi, toka juu hadi chini, akarudia tena. Tusi halikutoka. Nyuma yake uji ukaungua.