Kichwa cha Kuazima

Tii! Tii! Tii! Hadi leo nikisikia kile kisanduku cha betri kinachoshikilia kompyuta za saiba kwa dakika chache kinavyolia stima ikipotea, masikio yanapata moto, maana siku kilipolia hivyo nilikuwa orofa ya pili, barabara ya Tom Mboya mjini Nairobi, saiba imejaa watu, na mikono yangu yote miwili imezama kwenye nywele za mwanaume nisiyemjua. Mamangu sijamsimulia mpaka leo, lakini nyinyi mtanicheka kwa upole, najua.

Mimi ni msusi, nasuka Kenyatta Market. Niliposikia kuna watu wanalipwa kwa kufundisha wengine mtandaoni, kupika, kushona, chochote kile, nikaweka tangazo langu (kwa Kiingereza cha darasa la nane, msiniulize), na kabla hata mtu hajajibu kichwani nilikuwa nimeshajenga Kitisuru kwa matajiri na kufuga mbwa wawili. Mwanafunzi akaja kweli! Mama Wambui, Mkenya aliyeolewa Ujerumani, ambaye kusuka hakujua kwa sababu alisoma bweni kuanzia utotoni, na bweni mnajua, kichwa ni kunyolewa tu. Bintiye alikuwa anaanza darasa la kwanza Jumatatu, na chekechea walikuwa wamemcheka nywele mpaka akaanza kulala na kofia. "Nisaidie tu asiende shule akiinamisha kichwa," aliniandikia, na mimi moyo wangu ni wa siagi, nikalia palepale.

Jumamosi asubuhi binamu yangu Mueni ndiye alikuwa aje saiba aniazime kichwa chake cha kufundishia. Akapiga simu: amepata kibarua cha kufua, haji. Na Mama Wambui yuko tayari kwenye kioo cha kompyuta, mtoto mapajani, kitana mkononi. Nikageuka, na kando yangu ameketi kijana mmoja, nywele zimeumuka kama andazi, amevaa suti (suti, Jumamosi, na mimi sikujiuliza ya nini).

"Brathe, niazime kichwa."

"Ati nini?"

"Matuta matatu tu, namfundisha huyo mama, halafu nakufumua."

Akaangalia kioo, Wambui akampungia mkono, kijana akayeyuka. "Haya, nangojea watu wangu wanipitie. Lakini usivute, mimi ni mwoga."

Hayo matatu yangetosha, ila picha ilikuwa inakwama, Mama Wambui anasema "sijaona, rudia," nami siwezi kurudia kwa nywele ambayo imeshasukwa, kwa hivyo nachukua nyingine, na nyingine, hadi nusu ya kichwa cha Kamau (ndilo jina lake) ikawa shamba limelimwa na nusu bado msitu. Sikuwa nimefunga mwisho hata wa tuta moja, kisogoni, mahali ambapo usipofunga vizuri kazi yote inafumuka kabla ya jioni.

Hapo mlango ukafunguliwa, wakaingia kina mama watatu wenye leso za kufanana, na wa mbele akasimama kama aliyeona nyoka.

"Kamau! Leo tunaenda kukuombea msichana ama ni wewe unaenda kuolewa?"

Saiba nzima ikapasuka kwa kicheko. Ilikuwa siku yake ya ruracio, jamani, kwenda kwa wakwe, na huyo alikuwa shangazi yake!

"Tata, ni ya mtoto," Kamau akajitetea.

"Mtoto gani? Mnajuana na huyu?"

"Hapana, aliniomba tu kichwa." (Afadhali angenyamaza.)

Ndipo kile kisanduku kikaanza. Tii! Tii! Shangazi: "Fumua!" Mama Wambui kutoka kwenye kioo: "Na mwisho nafungaje?" Fumua! Nafungaje? Nikafunga. Nilifunga kisogo cha bwana harusi shangazi akinivuta blauzi, na nilipoinua kichwa kioo kilikuwa cheusi, sijui Mama Wambui aliona ama hakuona.

Ndani giza, kwa hivyo tulimfumua Kamau nje, barabarani, ameketi juu ya kreti ya soda, wamama wanne juu ya kichwa kimoja, na wapita njia wanatupa mawaidha. "Mnyoeni tu!" "Mpelekeni hivyo, wakwe wajue ni mpole!" Tulipomaliza nywele zilikuwa zimesimama kwa mawimbi. Aliondoka akicheka, Mungu ambariki, na baadaye akanitumia ujumbe kwamba wakwe walimcheka pia, halafu wakamkubali.

Tangu siku hiyo sigusi kichwa cha mtu kabla sijamuuliza, leo unaenda wapi? Hata mtoto mdogo namuuliza.

Lakini aliyeninyima usingizi si Kamau, ni Wambui. Jumatatu jioni nikarudi saiba peke yangu, nikaketi pembeni, nikafungua barua pepe. Ilikuwa picha tu, bila maneno. Matuta yamepinda kama njia ya mbuzi, mwisho yamefungwa kwa nyuzi za viatu, nyekundu na kijani, na chini yake Wambui, amepigwa kwa upande, mkoba mgongoni, kidevu juu, anacheka bila meno ya mbele.

Nikaangalia kushoto na kulia, hakuna aliyekuwa ananitazama, nikaweka kidole kwenye kioo, nikayafuata matuta yote moja baada ya lingine, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni.