Mgeni wa Baba

Niko nje kwa boma ya mbuzi na sirudi kwa nyumba peke yangu. Nani yuko karibu na Kisaju?

Mnajua Baba akilala pumzi inakatika. Daktari akampa mashine ya kumsaidia kupumua, akasema aizoee mchana kwanza.

Wiki mbili Baba amekataa. "Siwezi lala na mgeni hatujaulizana habari."

(Wazee wa Kimaasai na habari! Mvua, mifugo, watoto, ndio mlale.)

Leo nikachoka. "Basi Baba, muulize!"

Nikamvalisha maski, nikawasha mashine, nikaenda kuosha vyombo.

Nikamsikia akiisalimia. "Sopa. Huko kwenu ng'ombe wamepata maji?"

Shhhh, mashine ikapumua.

"Eeh. Na watoto?"

Shhhh.

Nikacheka sana. Nikachomeka simu ipate chaji kidogo nimrekodi.

Haichaji. Nikajaribu taa. Hakuna stima.

Nikaingia polepole. Mashine imezima kabisa. Maski iko kwa kiti. Baba amelala chali, mdomo umefungwa.

Shhhh.

Akainua mkono bila kufungua macho.

"Ngoja nje. Hajamaliza kuniambia ametoka wapi."