Ndoo ya Korosho na Mshono wa Tumbo

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa korosho, mwanangu Neema, nimeinama shambani kwa Bi Somoe pale Chilangala, ndoo imejaa nusu, na tumbo langu lina mshono wa wiki saba ambao hakuna mwenzangu hata mmoja aliyeujua. Nakueleza habari hii leo kwa sababu mama yako amenipigia simu kutoka Nanganga. Amesema umekubali kufanyiwa upasuaji kama wangu, na kwamba ukirudi unataka watu waambiwe ulikwenda kusoma. Hapo ndipo niliposhtuka.

Wakati huo nilikuwa na miaka arobaini na kitu, bado nafundisha shule ya msingi, na kiburi changu kizima. Saratani ilikuwa imeondoka na ziwa langu la kushoto. Daktari, mama mmoja mpole wa hospitali kubwa ya Dar es Salaam, akaniambia ziwa jingine linaweza kutengenezwa kwa nyama ya tumbo langu mwenyewe. Alinichorea kwenye karatasi: ngozi na mafuta ya chini ya kitovu, pamoja na kipande cha msuli kinachoyapelekea damu, vinapitishwa chini ya ngozi mpaka kifuani. Nilicheka. Tumbo nililokuwa nalificha kwa kanga tangu mtoto wa nne, kumbe lingepata kazi.

Alinieleza na upande wa pili. Ziwa jipya halitakuwa na hisia kama la zamani. Tumbo litakuwa limepungukiwa na msuli, kwa hiyo miezi mitatu nisiiname kwa kazi, nisibebe kitu kizito, na mkanda wa tumbo usinitoke. Niliitikia yote. Mimi mwalimu, kuitikia nakujua.

Nikarudi Chilangala nikasema nilikuwa kwa binti yangu Masasi. Wewe umekulia kando ya barabara, lakini unajua huku juu tunavyookota: leo wanawake wote kwa huyu, kesho kwa yule, na asiyefika bila sababu husemwa mpaka bibo la mwisho lioze. Mimi sababu nilikuwa nayo, ila nimeifungia ndani. Nikaenda. Siku mbili za kwanza niliokota nimechuchumaa, polepole. Siku ya tatu, kwa Bi Somoe, nikaona haya kubaki nyuma. Nikainama kama wenzangu, nikajitwisha ndoo. Kitu kikaachia chini ya kitovu, kama gauni linapofumuka. Nilipopapasa nikakuta uvimbe umejitokeza. Ilikuwa ngiri.

Bi Somoe, jirani yangu, alikuwa ananizidi kama miaka ishirini. Alinishika mkono mpaka nyumbani kwake, akanilaza, akafungua kanga aone ninapoumia. Akauona mshono kutoka nyonga hadi nyonga, kisha akaliona ziwa. Hakupiga kelele. Alinifunika, akakaa pembeni ya kitanda.

"Mama Tumaini, haya ya lini?"

"Wiki saba, Bi."

"Na mimi ndiye niliyekuwa nakucheka jana kwamba unaokota kivivu. Umeniingiza kwenye dhambi mwenyewe sijui. Ungeniambia mimi tu. Ndoo ningeibeba mimi, na midomo yao ningeiziba mimi."

Niliona aibu kuliko maumivu. Nikarudi kupasuliwa tena, tumbo likashonwa na kuwekewa wavu wa kulishikilia. Ziwa halikudhurika, namshukuru Mungu. Safari hii niliporudi niliwaambia wanawake wenyewe, kwa maneno machache. Shamba langu waliliokota siku mbili likaisha. Mimi nimekaa kwenye kiti na mkanda wangu, Bi Somoe amenikataza hata kutenganisha korosho na mabibo. Nililia mbele yao, wala sikujificha.

Kwa hiyo nisikilize. Kutengeneza ziwa ni uamuzi wako; wako waliokataa na wanaishi vizuri tu, usisukumwe na mtu. Kama bado umekubali, muulize daktari mpaka lini usiiname na usibebe nini, uandike. Ukiona tumbo limetokeza, usingoje kesho. Sikwambii utangaze sokoni, mwili ni wako. Lakini kabla hujaondoka, mchague mtu mmoja hapo Nanganga, mwanamke anayesikilizwa na wenzake, umweleze kila kitu. Ukimficha kila mtu, watakuita kazini kama siku zote, na wewe utakwenda, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

Mungu akulaze salama kwenye kitanda kile na akuamshe mzima, mwanangu, akupe majirani wa kukukalisha. Nami nitakuja nikae nawe. Ndoo nzima ya maji siiwezi tena. Nitateka nusu, nusu, mpaka pipa lako lijae, na wewe utakaa kwenye kiti unitazame.