Majibu ya damu yalivyonifanya nimzuie mchuaji wa mama

Wakuu, poleni na majukumu. Hili ni la nyumbani kwetu Madale na sijalitia chumvi, sina hata nguvu ya kulitia.

Mama alitibiwa saratani ya titi, akapona, tukala pilau. Mwaka huu mgongo ukaanza kumuuma. Tukasema uzee, tukasema ndoo za maji.

Mama mdogo, tunayeishi naye, akamleta Bi Zuhura, mchuaji wa Buguruni. Mikono yake inasifika. Akishamkanda mama, usingizi unakuja wenyewe.

Maumivu yakawa yanarudi tu. Mimi binti wa mwisho ndiye niliyeng'ang'ania hospitali, mama akanifuata shingo upande.

Daktari akaagiza vipimo vya damu. ALP, kimeng'enya kinachotoka kwenye mifupa, ikarudi juu, calcium nayo juu. Akanielezea taratibu kwamba mfupa ukishambuliwa huachia vitu kwenye damu. ALP inaweza kutoka hata kwenye ini, ndiyo maana alipima na ini, likaonekana halina shida. Damu peke yake haitoi hukumu, inaonyesha pa kutazama.

Bone scan, ile picha ya mifupa yote, ikamaliza ubishi. Saratani ilikuwa imehamia kwenye uti wa mgongo.

Nilipotaja habari za kuchuliwa daktari akanikatisha. "Asikandwe tena. Pingili zimeliwa, zikivunjika anaweza asitembee tena."

Kurudi nyumbani, Bi Zuhura yuko barazani, mafuta yameshapashwa moto. Nikasimama mlangoni, nikasema daktari amekataza. Mama mdogo akaniwakia, eti nimesoma mpaka nimekosa adabu.

Bi Zuhura hakubishana. Alifunga chupa yake, akaniuliza, "Haya, sasa nani atamshika?"

Iliniuma wakuu. Tangu mama aanze kuumwa, sisi wengine tulikuwa tunaogopa hata kumgusa.

Basi nampaka mafuta mimi kila jioni, juu juu tu. Dawa anatumia, msalani bado anaenda mwenyewe. Nimechoka, sifichi.

Nililojifunza: mtu aliyewahi kutibiwa saratani akilalamika mgongo, msikimbilie mchuaji. Apimwe kwanza. Na damu ikija safi huku maumivu yanazidi, msibweteke, ombeni picha.

Ila kuna kitu kinanishinda, naomba wazoefu mnisaidie. Nikimpaka, mama huwa ananiambia, "Kandamiza kidogo mwanangu, mie sivunjiki."

Mliowahi kuuguza, hapo mnajibuje?